Mkono wa Shaba, Kirusi cha Nikeli

Aristotle alipokuwa akieleza viungo vya wanyama alitoa mfano wa mkono wa shaba. Una vidole vitano, una kiganja na kifundo, na fundi hodari ataweka hata mikunjo ya ngozi. Lakini kwa Aristotle huo ni mkono kwa jina tu, sawa na mkono wa maiti. Mkono ni kile kinachoshika, kinachopapasa, kinachopeleka tonge kinywani, nao unayaweza hayo kwa sababu umeungana na mwili ulio hai. Kazi ikiondoka na umbo la nje likabaki, kilichobaki ni sanamu. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili mfano huu ulikuwa wa darasani tu. Hakuna mhunzi aliyeweza kumchukua kiumbe, akamvika madini chembe kwa chembe, kisha akatuwekea wawili hao mezani, wa asili na wa madini, wakiwa na umbo moja, ili tuone kama mzee wa Kiyunani alisema kweli. Siku hizi mhunzi huyo yupo. Hana mivukuto wala makaa. Ana vichupa vya maji yaliyoyeyushwa chumvi za madini, na viumbe anaowavika hawaonekani kwa darubini ya kawaida ya mwanga. Nadhani kazi yake inafaa kutazamwa na wanaofikiri juu ya Muumba na kiumbe, maana imegusa swali lao la zamani bila kukusudia.

Kuna mifano mingi ya kazi hiyo, ila mmoja unastahili kukaa nao. Wakulima wa muhogo wanalijua neno batobato: yale mabaka ya manjano na kijani yanayolikunja jani, ugonjwa ulioandikwa na Wajerumani kutoka Usambara mwaka 1894. Tumbaku nayo ina batobato yake, inayoletwa na kirusi cha ukoo mwingine kabisa, na hicho cha tumbaku ndicho kilichofungua mlango wa elimu yote ya virusi. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani yenye ugonjwa kwa kichujio cha kauri kinachozuia bakteria, akakuta utomvu uliochujwa bado unaambukiza. (Kwamba kirusi cha kwanza kilifichuliwa na Mrusi ni sadfa ya lugha yetu, haina zaidi.) Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho ni kijibomba, mithili ya kipande cha mwanzi: urefu nanomita 300, unene nanomita 18, na tundu la nanomita 4 likipita katikati kutoka ncha hadi ncha. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Ukuta wa kijibomba umejengwa kwa vipande 2,130 vya protini, vyote vya aina moja, vimepangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara, na ndani ya ukuta huo, kati ya vipande, umelala uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 6,400. Rosalind Franklin, akiwa London katika miaka ya 1950, ndiye aliyeonyesha mahali uzi huo ulipolala.

Fundi wa leo hukichukua kijibomba hicho akakifanya kalibu. Kwanza hupanda mbegu: chembe za paladiamu zinazong'ang'ania protini. Kisha hukitia katika maji yenye nikeli pamoja na kemikali inayoifanya nikeli iache kuelea na kutulia kama madini, nayo hutulia pale tu zilipo mbegu. Madini yakitulia nje, hupatikana bomba la nikeli. Yakiingia tunduni, hupatikana uzi. Mwaka 2003 watafiti wa Stuttgart walipata kwa njia hiyo nyuzi za nikeli na kobalti zenye unene wa nanomita 3. Katika Chuo Kikuu cha Maryland walibadili jeni la kirusi ili protini yake iwe na salfa inayopenda dhahabu, vijibomba vikasimama wima juu ya bamba la dhahabu kama nyasi, vikavikwa nikeli, vikatumika katika vyuma vya betri, kwa kuwa msitu wa nyasi una eneo kubwa la kupokea chaji kuliko uwanja mtupu. Sababu ya kumtafuta kiumbe badala ya tupa ni nyepesi: hakuna tupa inayokata ukubwa huo, na shamba la tumbaku lenye ugonjwa hutoa kalibu zisizohesabika, zote za unene uleule. Sonara anayesubu kwa nta huipoteza nta yake. Ikishayeyuka na kutoka, dhahabu huingia mahali pake. Hapa mara nyingi nta haitoki. Kirusi huzikwa ndani ya umbo lake mwenyewe.

Sasa swali. Je, katika kazi hii mwanadamu amelitenga umbo na kiumbe, akalichukua lilivyo? Kama amelichukua, basi umbo ni kitu kinachovuliwa na kuvaliwa kama kanzu, maada yoyote ingeweza kulivaa, na anayejua kulihamisha ameishika siri ya uumbaji kwa upande wake mmoja. Kama hakulichukua, tuambiwe ni nini hasa kilichobaki nyuma. Kwa mnyama mkubwa jibu ni rahisi mno: kilichobaki ni damu, pumzi, joto. Kirusi ndicho kinachotutia taabuni, kwa sababu hakina damu wala pumzi. Mwaka 1935 Wendell Stanley alikigandisha kirusi cha batobato ya tumbaku kikawa fuwele, kikakaa chupani kama chumvi, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kemia, si tiba. Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walikwenda mbali zaidi: walitenganisha protini na RNA, wakavichanganya tena, vipande vikajipanga vyenyewe kuwa vijibomba, na vijibomba hivyo vikaweza kuambukiza. Ikiwa kuna kiumbe mmoja duniani ambaye yeye ni umbo tu basi, ni huyu. Kwa hiyo kama mkono wa shaba unaweza kuwa mkono popote, ungeweza kuwa mkono hapa.

Nao si mkono. Sababu yake ndiyo hoja yangu yote. Kirusi cha batobato hakiushindi mmea kwa kuwa kijibomba. Huushinda kwa kuacha kuwa kijibomba. Jani likikwaruzwa, nacho kikaingia katika seli, vipande vya protini huanza kuachia kwenye ncha moja. Uzi wa RNA unachomoza pale, mashine ya seli inayosoma herufi na kujenga protini inaudaka, na kadiri inavyosoma ndivyo inavyozidi kuvisukuma vipande viachie, mpaka nyumba nzima imebomolewa na anayeisoma. Kisha herufi zilizosomwa huleta protini mpya zinazojijenga tena. Ukuta ule basi una sifa mbili kwa pamoja. Ni mgumu kiasi cha kukaa ndani ya tumbaku iliyokaushwa kwa miaka, na ni mwepesi wa kufunguka mbele ya yule mmoja anayestahili kuufungua. Nikeli imechukua sifa ya kwanza ikaiacha ya pili. Umbo lililohamia kwenye madini ni lile la kirusi kilipokuwa kimelala, na usingizi haukuwa kazi yake. Aristotle alisema kiungo cha shaba hakifanyi kazi. Tunaweza kuongeza, kwa ushahidi ambao yeye hakuwa nao, kwamba kazi ambayo madini yameshindwa kuiiga ni kuvunjika kwa wakati wake.

Jambo hilo si la tumbaku peke yake. Mwaka 1998, katika chuo cha Technion mjini Haifa, watafiti walinyoosha uzi wa DNA kati ya vyuma viwili vya dhahabu wakauvika fedha, ukawa waya wa urefu wa maikromita 12 uliopitisha umeme. DNA hiyo ilitoka katika kirusi cha bakteria, nayo ina jozi 48,502 za herufi. Katika waya ule herufi zilizosomwa ni za nchani tu, 12 kila upande, zilizoutia uzi fundo kwenye dhahabu. Zilizobaki hazikuulizwa neno. Ni sawa na kuipata barua ndefu ukaifungia karanga. Karatasi imefanya kazi, tena nzuri, na barua haijasomwa, wala haitasomeka tena kwa kuwa kusoma DNA ni kuzifungua kamba mbili zilizosokotana, na fedha imezifunga moja kwa moja. Au tazama feritini, mkoba wa protini uliomo katika miili yetu: vipande 24 vilivyoshikamana kuwa tufe la nanomita 12, lenye uwazi wa nanomita 8 unaoweza kuhifadhi hadi atomi 4,500 za chuma. Hapa kiumbe mwenyewe ni mhunzi, na mtu angetarajia kwamba madini na umbo wamepatana. Wamepatana, kwa sharti: mwili ukihitaji chuma, mkoba hutoa. Maabara zimeujaza mkoba huo madini mengine, zikapata vidonge vya ukubwa mmoja vinavyopendeza, na sababu ya kupendeza kwavyo ni kwamba havitoi kitu.

Hoja nzito dhidi ya haya inatoka kwa wahandisi wa virusi, nami siwezi kuipita kwa haraka. Wanasema: unamzungumzia fundi anayeazima umbo lililokwisha kuwapo, lakini sisi hatuazimi tu, tunaandika. Angela Belcher na wenzake wa Massachusetts, katika kazi waliyoitangaza mwaka 2006, walichukua kirusi cha bakteria kiitwacho M13, uzi wa nanomita zipatazo 880 uliovikwa protini kiasi cha 2,700, wakaziandika upya jeni zake ili protini hizo zishike kobalti, na nyingine zishike dhahabu. Bakteria wakakizalisha kwa wingi, kila mtoto akazaliwa tayari anajua kushika madini, na matokeo yakawa nyuzi za oksidi ya kobalti na dhahabu kwa ajili ya betri. Hapo kalibu inajizaa yenyewe na tabia yake imetoka kwa mwanadamu. Je, bado ni kuazima? Nasema ndiyo, tena zaidi. Angalia maneno yale yanayoishika dhahabu yalivyopatikana. Hakuna aliyekaa akayatunga kichwani. Njia yake ni ile iliyoanzishwa na George Smith mwaka 1985, akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 kwayo: unaandaa virusi mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kimebeba kipande cha protini kilichopangwa kwa kubahatisha, unavimwaga juu ya madini, unavisuuza, unavichukua vilivyogoma kuondoka, unavizalisha, unarudia. Huko ni kuuliza, na jibu linatoka kwa mwulizwa. Hata kobalti, ambayo kwa ajili yake wahandisi walichagua wenyewe asidi amino zenye chaji hasi, inashikwa kwa sheria ya mvutano ambayo hawakuitunga. Kuhusu kalibu kujizaa, sifa hiyo kirusi kilikuwa nayo kabla ya mhandisi, naye huitegemea mpaka dakika ile anapokitia katika madini. Kuanzia dakika hiyo hakuna kinachozaliwa.

Mtu makini ataongeza kwamba nyuzi za betri nazo hufunguka na kujifunga: lithiamu huingia, oksidi huvunjika, lithiamu hutoka, oksidi hurudi, mara nyingi bila kuharibika. Ni kweli, na inanilazimu kupunguza dai langu. Madini yanaweza kufundishwa kuvunjika na kurudi. Yasichofanya ni kuvunjika kunakomwacha mwingine nyuma yake. Kirusi kinapofunguka kinatoa habari ambayo kwayo wengine wanajengwa. Oksidi inapofunguka inatoa umeme, na baada ya mizunguko yote tuna uzi uleule, umechakaa kidogo. Dai lililopunguzwa hivyo naliona bado linasimama.

Kuna na yule atakayesema kwamba nimerudisha uchawi kwa mlango wa nyuma, kwamba tofauti ya nikeli na protini ni kemia tu. Sina ugomvi naye. Kila nilichokitaja ni kemia. Ninachokataa ni kuita umbo kile kinachopimwa kwa rula, halafu kushangaa kwamba kimehamishwa na uhai haukufuata.

Tuje kwa waumini, ambao hugawanyika pande mbili kila habari za aina hii zinapotangazwa. Wako wanaohofu kwamba mwanadamu ameingia katika kazi ya Mungu. Lugha yetu yenyewe inawapa wasiwasi, maana umbo, kiumbe, maumbile na Muumba vimetoka shina moja, na anayeshika umbo la kiumbe anaonekana ameshika upindo wa joho la Muumba. Miongoni mwa Waislamu wasiwasi una uzito zaidi kwa sababu Musawwir, Mwenye kutia sura, ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, na mafundisho ya Mtume juu ya wafanyao sura za viumbe yanajulikana: Siku ya Kiyama wataambiwa wavitie uhai walivyovifanya. Lakini amri hiyo ukiitafakari ni hoja ileile ya mkono wa shaba, imesemwa kwa ukali wa hukumu. Haisemi kwamba wameiba kitu cha Mungu. Inawaonyesha kwamba hawakukipata. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoyafafanua majina matatu yanayofuatana, Khaliq, Bari na Musawwir, alionya yasichukuliwe kuwa visawe, akatoa mfano wa nyumba: yuko anayekadiria mbao na matofali na vipimo, yuko anayejenga, na yuko anayetia nakshi ukutani. Mhunzi wetu wa nikeli yuko kwenye nakshi. Vipimo alivikuta, ujenzi aliukuta, na nakshi yake ni ya kufuatisha.

Kisa cha ndama wa dhahabu, kinachojulikana msikitini na kanisani, kinafundisha zaidi ya kinavyofundishwa. Kwa kawaida tunahubiriwa kwamba kosa lilikuwa kuabudu kitu cha kutengenezwa. Lakini katika simulizi la Kurani ndama yule hakuwa kazi mbovu. Alikuwa na kiwiliwili, na alitoa hata sauti ya ng'ombe. Kilichowahukumu waliomwabudu ni kwamba hakuwajibu neno. Kipimo kile hakikuuliza kama sura imefanana. Kiliuliza kama kuna anayejibu. Kirusi, kwa namna yake duni kabisa, hujibu: kinafunguka mbele ya seli ya tumbaku. Sisemi kwamba maabara zina ibada ya sanamu. Sijui mtu anayeisujudia nikeli. Nasema tu kwamba majigambo ya "tumeumba" yanapimwa kwa kipimo kilekile, na yanaanguka palepale.

Upande wa pili ni wa waumini wanaoshangilia mno. Wao husema: tazama jinsi kirusi kilivyofaa kuwa waya, bila shaka kimekusudiwa tangu mwanzo kwa manufaa yetu. Naiona hoja hii dhaifu, na inanisikitisha kuona inavyopendwa. Kirusi cha batobato kimewatia hasara wakulima wa tumbaku tangu kabla hakijajulikana jina. Ikiwa kufaa kwake katika betri ni dalili ya kusudi, basi hasara ile nayo ni dalili, na mhubiri atajikuta anaeleza asichoweza. Zaidi ya hapo, hoja hiyo inampunguzia Muumba heshima badala ya kumwongezea: inasifu lile ganda ambalo kirusi hulivua, na kunyamazia kazi yenyewe. Anayetaka kustaajabu na astaajabie ukuta unaobomolewa na msomaji wake.

Itaulizwa kama kukubali umbo linaloweza kuvunjika ni kushusha kinachodumu, ilhali dini zimemtukuza Wa milele. Sioni hivyo. Umilele wa Mungu si ugumu wa madini, na mwanafalsafa yeyote wa Kiislamu au wa Kikristo angekataa kuvilinganisha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kwamba visababishi vya ulimwengu huu huitayarisha maada tu, na umbo hushuka kutoka kwa Mtoa Maumbo. Si lazima tukubali unajimu wake wote ili tuione busara ya mpangilio ule: kutayarisha ni kazi ya heshima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wala kushindwa kuumba si aibu ya mhunzi. Nyuzi za nanomita 3 ni uhunzi mzuri kuliko wowote uliotangulia, na betri zitakazotokana na kazi hii zitawasha taa halisi.

Basi naomba jambo moja kwa wahariri, walimu wa sayansi na wahubiri. Lugha yetu ina kitenzi kusubu, cha masonara, na ina kitenzi kuumba, na kazi niliyoieleza ni ya kitenzi cha kwanza. Wanaotumia cha pili wachukue bomba moja la nikeli la nanomita 300, walipake juu ya jani la tumbaku lililokwaruzwa, wangoje mabaka yatokee.